Minna no Nihongo, Kitabu cha Kwanza: Sentensi Zinajengeka, Ila Kisome Ukikumbuka Sarufi ya KCSE

Kwa anayeanza Kijapani hapa Nairobi na anataka kutamka sentensi kamili, yenye kitenzi, shamirisho na vijineno vyake kila kimoja mahali pake, kitabu cha kwanza cha Minna no Nihongo bado kinazishinda programu nyingi za simu. Mazoezi yake ni ya kutegemewa. Udhaifu uko kwenye maelezo, ambayo huku kwetu husomwa kwa Kiingereza, na Kiingereza ni mwalimu mbaya wa lugha hii. Mtu aliyepitia karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE ana vifaa bora zaidi kichwani mwake, na sehemu kubwa ya tathmini hii inaonyesha namna ya kuvitumia kuanzia somo la 4 hadi la 10, kwa sababu hapo ndipo sentensi husimama au huanguka.

Kwanza, unachonunua ni vitabu viwili. Kitabu kikuu kina masomo 25 na kimeandikwa kwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha pili kina msamiati, tafsiri ya sentensi na maelezo ya sarufi, nacho hutolewa kwa lugha mbalimbali. Wachapishaji ni 3A Corporation wa Tokyo. Toleo la kwanza lilitoka 1998 na la pili 2012. Ukiwa na kikuu peke yake utabaki ukitazama picha, na ukiwa na cha maelezo peke yake utakuwa na kanuni bila mazoezi. Usichanganye kikuu cha toleo moja na maelezo ya toleo jingine, kwa kuwa msamiati na sentensi zilifanyiwa marekebisho na utakuwa ukitafuta neno ambalo halimo.

Kikuu cha kawaida hakina herufi za Kirumi. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zimeandikiwa hiragana ndogo juu yake, yaani herufi za silabi zinazoonyesha matamshi, kwa hiyo kabla ya somo la kwanza jipe wiki mbili za kushika hiragana 46 za msingi, halafu katakana 46, herufi za silabi za maneno ya kigeni, zifuate polepole. Wengine huruka hatua hii na kuandika matamshi kwa penseli juu ya kila mstari. Hasara yake huonekana pale pale kwenye joshi, yale maneno madogo yanayobandikwa nyuma ya nomino na ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sentensi ya Kijapani. Joshi を husomwa "o", lakini haiandikwi kwa herufi ile ya kawaida ya "o", お. Joshi は huandikwa kwa herufi ya "ha" na husomwa "wa". Joshi へ huandikwa kwa herufi ya "he" na husomwa "e". Msomaji wa kana, yaani hiragana na katakana, akiona を tu anajua shamirisho imepita na kitenzi kinakuja. Msomaji wa herufi za Kirumi anaona "o" kama "o" nyingine yoyote.

Kila somo lina mpangilio uleule: sentensi za mfano, maswali na majibu mafupi, mazungumzo, mazoezi A, B na C, kisha maswali ya kujipima ambayo huanza kwa kusikiliza. Wanafunzi wengi hukimbilia mazungumzo kwa sababu yana watu na vituko. Dhahabu iko kwenye mazoezi A na B. Zoezi A hupanga sentensi kwa safu wima, joshi chini ya joshi na kitenzi chini ya kitenzi, hata jicho linaona mahali ambapo kitu hubadilika na mahali ambapo hakibadiliki. Zoezi B hukupa neno jipya na kukutaka ulipachike. Linachosha, na ndilo linalofundisha.

Mpangilio wa kuingiza joshi ni wa taratibu, na hii ndiyo sifa kubwa ya kitabu hiki. Somo la 4 linaleta vitenzi visivyohitaji shamirisho, kama kuamka na kulala, pamoja na に ya wakati. La 5 linaleta kwenda, kuja na kurudi, pamoja na へ ya mwelekeo, で ya chombo cha usafiri na と ya mtu unayeandamana naye. La 6 ni を na vitenzi vyake, pamoja na で ya mahali pa tendo. La 7 linaongeza で ya kifaa na に ya mtu anayepewa. Halafu la 9 linakuja na が kwa kupenda, kuelewa na kuwa na kitu, na la 10 ni la kuwepo. Hakuna somo linalokumwagia joshi tano kwa mpigo.

Tusimame kwenye somo la 6. Umbo ni hili: nomino, を, kitenzi.

チャパティを 食べます (chapati o tabemasu)
チャイを 飲みます (chai o nomimasu)
新聞を 読みます (shinbun o yomimasu)

Kitenzi hukaa mwisho, hapana mjadala. Na kitenzi hicho hakina nafsi wala ngeli. Mimi, wewe, yule jirani na watoto wake wote ni tabemasu. Mswahili aliyezoea ninakula, unakula, anakula hushuku kwamba kuna kitu amekisahau, kisha hujaza pengo kwa watashi wa, watashi wa, kila sentensi. Acha. Kama msikilizaji anajua ni nani anayezungumziwa, Kijapani hunyamaza.

Kitenzi kina maumbo manne ya adabu, na katika masomo haya ya mwanzo hayo ndiyo yanayokuhusu: tabemasu, tabemasen (kukanusha), tabemashita (wakati uliopita), tabemasen deshita (kukanusha wakati uliopita). Sisi hukanusha mwanzoni mwa kitenzi: sili, hakula. Wao hukanusha kwenye mkia. Ndiyo maana anayeanza husikia "chapati o tabema..." na kuanza kupakua kabla hajajua kama ni -su au -sen.

Hapa maelezo ya Kiingereza hupotosha watu wengi. Tabemasu hutafsiriwa kwa umbo la wakati uliopo, nasi tunaligeuza kuwa "ninakula". Siyo. Tabemasu ni "hula" au "atakula": ama desturi, ama jambo lijalo. Kula kunakoendelea sasa hivi ni tabete imasu, na hilo halifundishwi hadi somo la 14. Ukipigiwa simu ukiwa mezani ukajibu "chapati o tabemasu", umemwambia mwenzako kwamba wewe hula chapati au kwamba una mpango wa kula. Andika "hula / atakula" kando ya kila kitenzi kuanzia somo la 4 na tatizo litakwisha kabla ya kuanza.

Sasa KCSE. Kumbuka sentensi ya aina hii: Mwalimu alimwandikia mwanafunzi barua kwa kalamu. Mtahini anataka uonyeshe shamirisho kipozi, shamirisho kitondo na shamirisho ala. Barua ni kipozi, mwanafunzi ni kitondo, kalamu ni ala. Kwa Kijapani:

先生は 学生に ペンで 手紙を 書きました
(sensei wa gakusei ni pen de tegami o kakimashita)

Kipozi huchukua を. Kitondo huchukua に. Ala huchukua で. Uchambuzi uliokuwa ukikukera kidato cha tatu ndio ramani ya masomo ya 6 na 7, na hakuna maelezo ya Kiingereza yatakayokupa ramani safi namna hiyo, kwa sababu wanaofundishwa kwa Kiingereza huhesabu vihusishi vyao na kujiuliza kwa nini に moja ina tafsiri nne.

Tofauti ni mahali mzigo unapowekwa. Kiswahili kinaingiza kitondo ndani ya kitenzi: a-li-mw-andik-i-a, na kiambishi -mw- na kauli ya kutendea -i- vinatosha kusema kuna mtu anayeandikiwa. Kitenzi cha Kijapani katika masomo haya hakibebi chochote cha aina hiyo. Kila nomino hujitambulisha yenyewe kwa mkia wake. Faida yake ni kwamba nomino zinaweza kubadilishana nafasi. Tegami o gakusei ni kakimashita ni sawa pia. Lakini ukiangusha joshi, maana yote huanguka nayo, kwani kitenzi hakitakuokoa.

Namna ya kufanya zoezi B lizae matunda ni kuanza na kitenzi na kurudi nyuma. Chagua vitenzi kumi vya somo la 6. Kwa kila kitenzi andika nomino tatu za maisha yako ya Nairobi: kununua sukuma wiki, kununua maziwa, kununua gazeti. Kila sentensi iseme kwa maumbo yote manne. Hizo ni sentensi 120, na kwa sauti zinamalizika kwa takriban nusu saa. Siku ya pili ongeza mahali kwa で. Siku ya tatu ongeza wakati. Siku ya nne ongeza mtu kwa と. Usiongeze viwili siku moja. Sentensi ya siku ya nne itakuwa hivi: do-yōbi ni tomodachi to Uesutoranzu de chapati o tabemashita, yaani Jumamosi, pamoja na rafiki, Westlands, chapati, nilikula. Isemeke bila kusita kabla hujafungua somo la 7.

Kosa linalojirudia sana hapa ni を mbili ndani ya kitenzi kimoja. Benkyō o shimasu ni kusoma, kwa maana ya kujifunza. Nihongo o benkyō shimasu ni kujifunza Kijapani. Watu huzichanganya na kupata nihongo o benkyō o shimasu, ambayo ni kosa. Ukitaka kubakisha を ya pili, ya kwanza igeuze kuwa の: nihongo no benkyō o shimasu.

Saa nazo zina mtego wake kwenye somo la 4, na mtego huu kitabu hakiwezi kuujua. Shichi ni saba, lakini shichi-ji ni saa moja yetu. Hachi-ji ni saa mbili. Mjapani huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, sisi huhesabu kuanzia machweo na macheo. Ukisema ni-ji ni aimashō ukidhani umepanga kukutana saa mbili asubuhi, mwenzako atafika saa nane mchana. Pia ziko tatu zenye matamshi ya kuangaliwa: yo-ji kwa nne, shichi-ji kwa saba na ku-ji kwa tisa. に hufuata saa na tarehe, lakini haifuati kesho (ashita), jana (kinō) wala kila siku (mainichi). Siku za wiki hukubali yote mawili. Kiswahili hakiweki chochote kabla ya saa wala kabla ya kesho, kwa hiyo hatuna sikio la kututahadharisha. Hapa, kwa haki, Kiingereza kinasaidia kidogo.

Mahali ndipo penye vurugu kubwa zaidi, na ni kwa sababu ya kiambishi chetu -ni. Ninasoma maktabani. Niko maktabani. Ninaenda maktabani. Kwetu zote tatu ni -ni. Kijapani kinazitenga:

図書館で 本を 読みます (toshokan de hon o yomimasu), tendo linafanyika hapo.
図書館に います (toshokan ni imasu), mtu yupo hapo.
図書館へ 行きます (toshokan e ikimasu), mwendo unaelekea hapo. に pia hukubalika.

Nomino ni ileile na maktaba ni ileile, kwa hiyo usiitazame nomino. Tazama kitenzi. Kitenzi cha kutenda kinataka で. Kitenzi cha kuwepo, imasu kwa viumbe wenye uhai na arimasu kwa vitu, kinataka に. Somo la 6 linatoa で, la 10 linatoa に, na kati yake kuna masomo matatu, kiasi kwamba wanaofika la 10 huanza kuweka に kila mahali. Dawa ni kurudi kwenye sentensi zako za somo la 6 siku hiyohiyo na kuzisoma kwa zamu na zile za somo la 10, moja ya で, moja ya に. Kuna kivumbi kingine kwenye somo la 21: mechi, sherehe au mkutano hutumia arimasu lakini mahali pake ni で, kwa kuwa hilo ni tukio linalofanyika. Kasarani de sakkā no shiai ga arimasu. Kikombe kilichopo mezani ni に, mechi iliyopo Kasarani ni で.

Neno "kwa" nalo lina tabia yake. Kwa basi, kwa kijiko, kwa Kiswahili: basu de, supūn de, Suwahirigo de. Hapo tunakwenda pamoja vizuri. Lakini kwa miguu ni aruite, bila で. Na kwa saa mbili, ukimaanisha muda, ni ni-jikan bila joshi yoyote.

Kundi linalofuata ndilo linalowatenganisha wanaoongea na wanaotafsiri. Kuna vitenzi ambavyo kwa Kiswahili vina kipozi cha wazi, lakini Kijapani hakivipi を:

Kupanda matatu ni matatu ni norimasu. Kuelewa Kijapani ni nihongo ga wakarimasu. Kupenda ugali ni ugari ga suki desu, ambapo suki si kitenzi kabisa bali ni kivumishi. Kuwa na gari ni kuruma ga arimasu. Kukutana na rafiki ni tomodachi ni aimasu. Kumuuliza mwalimu ni sensei ni kikimasu, ingawa kitenzi hichohicho kikimaanisha kusikiliza huchukua を: ongaku o kikimasu.

Halafu kuna upande wa pili, ambapo を hukaa na nomino isiyotendwa lolote. Kushuka basi ni basu o orimasu. Kutoka nyumbani ni uchi o demasu. Kuvuka barabara ni michi o watarimasu. Hii を huonyesha pale unapopapitia au unapopaacha. Kwa hiyo unapanda kwa に na unashuka kwa を, na ukijiambia hivyo kila unapofika steji, jozi hiyo haitakutoka.

Kitabu kinastahili sifa kwa jambo moja dogo hapa. Kwenye orodha ya msamiati vitenzi vya aina hii vimeandikwa pamoja na nomino na joshi yake kwenye mabano. Wanafunzi huyaruka mabano na kunakili kitenzi pekee kwenye kadi, halafu hulalamika kwamba joshi hazina kanuni. Kadi inayosema "norimasu: kupanda" ni kadi mbovu. Andika "basu ni norimasu" upande mmoja na "kupanda basi" upande wa pili, na kitenzi kisitoke nje bila joshi yake.

Somo la 7 lina jozi za kutoa na kupokea. Agemasu, kumpa mtu, ni rahisi: tomodachi ni hon o agemasu. Kwa moraimasu, kupokea, anayetoa huchukua に au から: tomodachi ni hon o moraimasu. Joshi ni ileile na mwelekeo umegeuka. Vivyo hivyo kashimasu (kukopesha) na karimasu (kukopa). Kiswahili chetu cha mtaani husema "kuazima" kwa pande zote mbili, kwa hiyo tafsiri zako ziandike kwa kukopa na kukopesha tu, la sivyo utampelekea mtu kitabu ulichopaswa kumwomba.

Jambo ambalo kitabu kinalichelewesha mno ni は inayochukua nafasi ya を. Linaguswa kwenye somo la 17, ilhali msomaji wa gazeti au msikilizaji wa mazungumzo yoyote hukutana nalo wiki ya kwanza. Kiswahili kinalo tayari. Linganisha "Nimekula ugali" na "Ugali nimeula". Kwenye ya pili umeutanguliza ugali kama jambo la kuzungumziwa, kisha kitenzi kikaukumbuka kwa kiambishi -u-. Kijapani hufanya vivyo hivyo kwa joshi: ugari o tabemashita ni ya kwanza, ugari wa tabemashita inaikaribia sana ya pili. Mara nyingi kuna kivuli cha kulinganisha: ugali nimeula, mboga bado. Jibu la kukanusha linapenda は kwa sababu hiyo: kōhī wa nomimasen, kahawa situmii, lakini vingine huenda. Na angalia kwamba は inaifuta を. Hakuna をは.

Vitu vingine vipite haraka. Mwaliko wa somo la 6, issho ni chai o nomimasen ka, una umbo la kukanusha lakini ni karibisho la kunywa chai pamoja, kwa hiyo usijibu kana kwamba umeulizwa kama hunywi. Idadi kwenye somo la 11 hukaa baada ya を na haina joshi yake: chapati o san-mai tabemasu, chapati tatu. Irabu tano za Kijapani ni zetu, na mzigo wa matamshi uko kwenye urefu: kite (njoo), kitte (kata) na kiite (sikiliza) ni maneno matatu, na sauti za kitabu zinafaa kurudiwa hadi sikio lizitenge.

Tatizo la kweli la mpangilio ni umbo la kamusi. Minna no Nihongo hukufundisha -masu pekee hadi somo la 14, halafu umbo linaloandikwa kwenye kamusi huja somo la 18. Kwa miezi hiyo yote hutaweza kutafuta kitenzi kwenye kamusi, kwani nomimasu haimo. Iliyomo ni nomu. Jitengenezee daraja mapema. Sauti iliyo kabla ya -masu ikiwa ya safu ya "i", igeuze iwe "u": nomimasu (nomu), kakimasu (kaku), kaimasu (kau), kaerimasu (kaeru). Ikiwa ya safu ya "e", toa -masu na uweke -ru: tabemasu, taberu. Vitenzi vichache vyenye "i" hufuata njia ya pili, na viwili utakavyokutana navyo mapema ni mimasu (miru) na okimasu (okiru). Shimasu ni suru, kimasu ya kuja ni kuru. Dakika ishirini za jedwali hili zinakuondolea kero ya masomo kumi na manne.

Genki, kitabu cha wanaoanza cha The Japan Times, ambacho toleo lake la tatu lilitoka 2020, kimechagua njia tofauti: somo la 3 linakupa makundi ya vitenzi, umbo la kamusi, を, で, に na へ kwa pamoja. Anayesoma peke yake na anayependa maelezo marefu atafurahi nayo zaidi. Anayeanza kabisa, na hasa aliye darasani jioni baada ya kazi, hufika somo hilo akazama. Irodori ya Japan Foundation ni ya bure, kitabu na sauti vyote hupakuliwa bila malipo, na masomo yake hufuata shughuli za maisha ya Japani: kuagiza chakula, kupanda treni, kuzungumza kazini. Kwa anayeelekea huko kufanya kazi ndiyo yenye msamiati unaofaa. Mazoezi yake ya kubadilisha maneno ni machache, kwa hiyo joshi hukaa kichwani kama sehemu ya misemo na hazikazwi. Tumia Irodori kwa kusikiliza na Minna kwa kujenga. Programu za simu zinazokupa vipande vya maneno uvipange hazifai kwa somo hili hasa, kwa kuwa joshi tayari imo kati ya vipande na kazi yako inabaki kukisia nafasi.

Anayelenga N5, ngazi ya chini kabisa ya JLPT, mtihani wa kimataifa wa Kijapani unaofanyika Nairobi mwezi wa Desemba, ajue kwamba hautaki kuandika insha wala kuzungumza. Ni wa kuchagua jibu, alama 180, na kufaulu ni 80, mradi usipungue 38 kati ya 120 za lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 za kusikiliza. Maswali ya sarufi huacha nafasi wazi ya joshi, na pia hukupa vipande vinne uvipange kisha uulizwe kipi kinaangukia penye nyota. Vipande hivyo vipange kutoka mwisho: tafuta kitenzi, uliza kinataka joshi gani, panda juu. Masomo yote 25 yanatosha kwa N5, na ya 4 hadi 10 yakiwa imara, mengi yaliyobaki huwa ni maumbo mapya ya kitenzi juu ya mifupa ileile.

Nunua kama una mwalimu au mwenza wa kufanya naye zoezi B kwa sauti. Usinunue kama unataka kusoma ukiwa umelala kitandani, kwa sababu kitabu kikuu hakitakueleza chochote.

Na kabla hujalipia nakala ya fotokopi iliyofungwa kwa springi, zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa, fahamu kwamba mbali na kuwa ni wizi wa kazi ya watu, zinakuibia na wewe. Hiragana ndogo zilizo juu ya kanji ndizo za kwanza kufifia. Nukta mbili za が zikipotea unabaki na か, na が ni joshi uliyoifuata tangu somo la 9. Duara la ぱ hugeuka nukta za ば. っ ndogo na つ kubwa hulingana, na kitte inasomeka kama kitsute. Kama bajeti hairuhusu kitabu halisi, chapisha Irodori somo moja moja kwenye saiba, ni halali na kila nukta itaonekana.